‘Tulikubaliana lini?’ Neno lililokaribia kuvunja kikundi cha ramani

Jumamosi moja mwanzoni mwa mwaka wa 2019 nilialikwa Kibera kutafsiri hojaji. Aliyenialika ni mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye baada ya kuhitimu aliamua kwamba mashairi hayamlishi, akajifunza tarakilishi. Alikuwa katika kikundi cha vijana wa kujitolea wapatao ishirini, nusu yao wakaazi wa Kibera na nusu wa Kawangware, waliokuwa wakichora ramani ya vioski vya maji, vyoo vya kulipia, zahanati na shule katika mitaa hiyo miwili. Jina la kikundi nitalihifadhi. Nilibeba kamusi mbili na kalamu nyekundu, nikidhani kazi itakwisha kabla ya chakula cha mchana. Kamusi hazikufunguliwa hadi saa kumi jioni.

Tulikutana katika ukumbi wa kanisa, si mbali na Olympic. Mwenyekiti, kijana mtanashati mwenye kipakatalishi mapajani, alifungua kikao hivi:

“Leo tunaanza kutumia ile apu mpya, kama tulivyokubaliana.”

“Tulikubaliana lini?” Aliyeuliza alikuwa msichana wa Kawangware aliyeketi karibu na mlango.

“Kwa grupu. Alhamisi.”

“Saa ngapi?”

“Saa tano usiku hivi.”

“Saa tano usiku mimi nimelala, na sina bando. Na hata ningekuwa nayo, nyinyi mnaandika Kizungu kirefu huko, mtu hajui aanzie wapi.”

“Lakini hakuna mtu alikataa.”

“Hakuna mtu aliulizwa!”

Nakiri kwamba mkono wangu ulitaka kuandika ‘hakuna mtu aliyekataa’ na ‘hakuna mtu aliyeulizwa’. Ugonjwa wa kazi. Ila nilipoutazama ukumbi niliona kwamba virejeshi havikuwa tatizo la siku ile. Watu walikuwa wamekwisha kujipanga pande mbili za chumba, na baadhi walikuwa wamefunga mikoba yao.

Kabla sijasema kilichofuata, nimkumbushe msomaji kwa nini ramani ni jambo zito katika mitaa hii. Hadi 2009, Kibera ilikuwa kama doa tupu katika ramani za mtandaoni, ingawa kila mtu duniani alidai anaijua. Mwaka huo Wamarekani wawili, Erica Hagen na Mikel Maron, walishirikiana na vijana wa mtaani kuanzisha mradi wa Map Kibera. Vijana walipewa vifaa vidogo vya GPS, wakatembea vichochoroni kutoka Kianda hadi Laini Saba wakinakili njia, mabomba, vyoo na zahanati, kisha wakayaingiza yote katika OpenStreetMap, ramani huria iliyoasisiwa Uingereza mwaka wa 2004 ambayo yeyote anaruhusiwa kuihariri. Baadaye wakaongeza Voice of Kibera, jukwaa la habari za mtaani lililotumia programu ya Ushahidi. Hiyo nayo, wasomaji watakumbuka, ilizaliwa hapa kwetu Januari 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ikapewa jina la Kiswahili ambalo limetembea dunia nzima.

Idadi yenyewe ya wakaazi ilikuwa ugomvi. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera ina watu zaidi ya nusu milioni, wengine wakasema milioni nzima. Sensa ya 2009 ikaja na watu 170,070. Wapo waliofurahi, wapo waliohisi wameibiwa. Pale ambapo takwimu zina ubishi wa kiasi hicho, anayeshika kalamu ya ramani anashika mamlaka, hata kama ni kijana asiye na mshahara.

Kikundi kilichonialika kilifuata njia hiyo hiyo iliyofunguliwa na wenzao, na kilikuwa na kazi ya haraka. Mnamo tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang’ata. Maelfu ya watu walibaki bila makao, na shule zikabomolewa pamoja na nyumba. Kila kilichokuwa kimechorwa katika ukanda ule kilikuwa sasa ni uongo. Wahudumu wa afya ya jamii walikuwa wakiitumia orodha ya vijana hawa kuelekeza watu. Mhudumu mmoja alitueleza siku ile, bila kupandisha sauti, jinsi alivyomwelekeza mama mjamzito kwenye zahanati iliyokuwa katika orodha. Yule mama alifika akakuta vifusi.

Kwa nini orodha haikuwa imerekebishwa? Kwa sababu kwa wiki kadhaa kikundi kilikuwa kikibishana kuhusu programu.

Ubishi wenyewe ulikuwa hivi. Upande wa Kibera ulizoea JOSM, programu ya kuhariri ramani inayohitaji kipakatalishi. Ina nguvu, inaonyesha makosa, na ukiishaijua hutaki nyingine. Wao walikuwa na ukumbi wenye umeme na vipakatalishi vinne vya msaada, kwa hivyo walikutana, wakafundishana, wakawa wajuzi. Upande wa Kawangware ulikuwa na watu wa boda boda, mafundi wa cherehani, wauza mitumba wa Gatina na kando ya Naivasha Road. Hao hawana mchana wa kuketi ukumbini. Walitumia ODK, hojaji ya kwenye simu inayojazwa hata bila mtandao na kutuma majibu baadaye unapopata bando. Kila upande uliiona zana ya mwenzake kama kikwazo. Wa Kibera walisema data ya simu inakuja na makosa: nukta moja ya choo inaangukia katikati ya reli. Wa Kawangware walisema vipakatalishi vinafanya kazi yote iishie mikononi mwa watu wanne. Kisha mwenyekiti akaleta apu ya tatu ili, kwa maneno yake, kumaliza kelele. Ndiyo hiyo ‘iliyokubaliwa’ saa tano usiku.

Niruhusiwe hapa kufanya kazi yangu ya lugha. Kiswahili kina maneno mengi ya kitu kinachotumiwa kufanyia kazi. Zana ni neno la kazi na la vita pia. Chombo hubeba, kama jahazi au sufuria. Nyenzo, kabla ya kuwa neno la wasomi wa elimu, ilikuwa magogo ya kuviringishia chombo kizito kukipeleka majini. Lakini neno ambalo vijana wale walilitumia zaidi ni kifaa, na kifaa ni mtoto wa kitenzi kufaa. Katika umbo lake lenyewe limebeba swali: kinamfaa nani? Mjadala wa wiki nzima ulikuwa umeuliza kipi ni bora, kana kwamba ubora unakaa ndani ya programu kama mbegu ndani ya embe. JOSM inamfaa aliye na kiti, meza na umeme. ODK inamfaa aliye juu ya pikipiki. Niliposema hivyo, mzee mmoja wa Makina aliyekuwa amekuja kama mlezi wa kikundi aliitikia, “Sasa hapo, Prof, umesema.” Nikafurahi mno, na furaha yangu ikadumu kama dakika tatu, kwani msichana wa mlangoni alinyoosha mkono.

“Prof, na heshima zako, hiyo ya kifaa ni sawa. Lakini hata wangeleta ile tunataka sisi, ningeuliza tu. Tulikubaliana lini?”

Aliniona nimepita kando ya jambo lenyewe, naye alikuwa sahihi. Zana zilikuwa kisingizio. Ugomvi wa kweli ulikuwa juu ya neno lililokuwa katika kila kinywa, yaani kukubaliana. Nilimwomba kila mmoja aandike kwenye karatasi, bila jina, ana maana gani anaposema kikundi kimekubaliana. Karatasi kumi na saba zikarudi. Saba zilisema, kwa njia moja au nyingine, kwamba wengi wametaka. Tano zilisema wote wametaka. Nne zilisema hakuna aliyepinga. Moja ilisema: “Chairman amesema.”

Kwa neno moja tu! Na si neno la kigeni. Ni letu la kila siku, la kanisani, la chama, la harambee. Mwenyekiti huuliza “Tumekubaliana?”, umati ukajibu “Ndiyo!”, makofi yakapigwa, na kesho yake kila mtu akaenda na tafsiri yake.

Lakini lugha yetu haikutunyima maneno ya kupambanua. Tuna kuafiki. Katika kumbukumbu za mikutano huandikwa kwamba fulani alipendekeza na fulani akaafiki, yaani aliliunga mkono pendekezo, akalibeba pamoja na mwenye nalo. Kinyume chake tunacho kupinga. Na kati ya hayo mawili kuna neno ambalo sisi wa bara tunalitumia kwa uchache mno: kuridhia. Neno hili lilitujia kutoka Kiarabu kama lile la kuafiki, na Waswahili wa pwani wanalijua vizuri kuliko sisi, maana hata ndoa haifungwi bila ridhaa. Kuridhia si kushangilia. Mtu anaweza kuridhia jambo asiloliafiki. Anasema: mimi nisingechagua hili, lakini naweza kuishi nalo, na kazi yake nitaifanya. Ukichanganya kuafiki, kuridhia na kunyamaza ukayaita yote kukubaliana, umetengeneza deni ambalo litadaiwa siku mbaya.

Kunyamaza ndiko kwenye hatari kubwa kuliko yote. Waandishi wa vikao hupenda kuhesabu kimya kama ndiyo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, wala hawakusema kina kura. Katika grupu la simu kimya kina sababu mia moja: bando limekwisha, betri imekufa, mtu yuko kazini, haelewi Kiingereza kile, au ameelewa vizuri sana na ameona haina haja.

Vijana walidhani balaa hili ni la mitaa yetu maskini. Niliwaambia hapana, hata waliojenga intaneti walihangaika nalo. Kuna jumuiya ya wahandisi iitwayo IETF, iliyoanza 1986, inayotunga kanuni ambazo tarakilishi hutumia kuzungumza. Haina uanachama rasmi, anayetaka huja. Sasa mtu atapigaje kura pale ambapo hakuna orodha ya wapiga kura? Mwaka wa 1992 mmoja wa wakuu wao, David Clark, alilieleza jambo hilo kwa namna iliyogeuka kuwa kaulimbiu: hawataki wafalme wala kura, wanataka mwafaka wa takriban na programu inayofanya kazi. Na mwafaka huo hupimwaje? Mwenyekiti huwaomba wanaounga mkono wavume kwa midomo iliyofungwa, mmmmm, kisha wanaopinga nao wavume, akasikiliza uvumi. Ukumbi ulicheka. Sisi kwetu mtu akiguna ujue hajapenda. Ungewaalika nyanya zetu wa Lamu kwenye mkutano ule, wangedhani wahandisi wote wamekasirika.

Lakini chini ya kichekesho kuna fikira nzuri. Hati yao ya 2014, iliyoandikwa na Pete Resnick, inafafanua kwamba uvumi huo si kura ya siri ya kuhesabu wengi. Ni njia ya kujua pingamizi ziko wapi ili zijadiliwe. Watu mia wakiunga mkono na watano wakapinga kwa sababu nzito isiyojibiwa, hakuna mwafaka. Watano hao wakijibiwa kikamilifu, hata kama hawakufurahi, mwafaka upo. Kwa maneno mengine, kinachohesabiwa ni hoja iliyojibiwa. Kwa Kiswahili changu nitasema wanatafuta ridhaa, si shangwe.

Kijana mmoja wa Kibera aliuliza kwa nini tusipige kura tu tukamaliza. Kura ina mahali pake, sikatai. Lakini katika kikundi cha kujitolea aliyeshindwa kura haondolewi mshahara. Anaondoka tu, na anaondoka na ujuzi wake. Hiyo OpenStreetMap wanayoitumia iliwahi kupita katika tanuri hilo. Ilipobadilisha leseni yake mwaka wa 2012, wachangiaji wa dunia nzima waliombwa mmoja mmoja watoe idhini. Michango ya waliokataa, na ya wale ambao hawakujibu, iliondolewa kwenye ramani. Barabara zilizokuwapo jana zikatoweka, zikabidi kuchorwa upya na watu wengine. Ilikuwa gharama, lakini walioilipa walijua wanalipia nini, kwa sababu suala lilijadiliwa kwa miaka mingi na kila mtu aliulizwa kwa jina lake.

Na mimi, kama mwalimu wa Kiswahili, nina kidonda cha karibu zaidi. Mwaka wa 1928 palifanyika mkutano Mombasa wa kuamua lahaja ipi iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kiunguja kikateuliwa. Angalia mahali: uamuzi wa kukiweka kando Kimvita, lahaja yenye hazina kubwa ya ushairi, ulifanyika mjini kwa Wamvita wenyewe. Kamati ya lugha iliyoundwa Januari 1930 kuusimamia uamuzi huo ilianza kazi bila Mwafrika hata mmoja kati ya wajumbe wake. Mimi binafsi naona Kiunguja kilikuwa chaguo la busara, kwa kuwa kilikuwa kimeenea bara kupitia misafara. Lakini ninapokaa na washairi wa Mombasa bado nasikia mguno, na miaka mingi sana imepita. Manung’uniko yao si juu ya kifaa. Ni yale yale ya msichana wa mlangoni.

Hata maneno yetu ya teknolojia yanatuumbua. Wataalamu walitupa tarakilishi, wengine wakatupa ngamizi, Watanzania wakashika kompyuta, na mwendesha boda boda wa Kawangware akachagua kompyuta bila kumngoja mtu. Mimi naandika tarakilishi kwa sababu nimeizoea na mhariri wangu haiondoi. Sijidanganyi kwamba mtaa umeiafiki.

Turudi ukumbini. Kabla ya kukubaliana lolote ilibidi kwanza kufungua kufuli. Akaunti ya hojaji za simu ilikuwa imesajiliwa kwa baruapepe ya mtu mmoja, na nywila aliijua yeye peke yake. Hakuwa mwizi. Aliisajili tu siku ya kwanza kwa sababu ndiye aliyekuwa na bando, kama vile mtu anavyobaki na ufunguo wa ukumbi kwa kuwa anaishi karibu. Lakini ubishi ulipoanza aliacha kupokea simu, na data ya miezi ikawa imefungiwa ndani. Waliobobea watakumbuka kisa cha watengenezaji wa Linux. Kuanzia 2002 walitumia BitKeeper, programu ya kampuni binafsi waliyopewa bure, kutunzia kazi yao. Baadhi yao walilalamika kwamba si busara kuweka mali ya umma katika kapu la mtu. Mwaka wa 2005 mwenye kapu akaondoa ruhusa ya bure, na Linus Torvalds akalazimika kuandika programu nyingine, Git, ambayo leo imeenea kila mahali. Sisi hatukuwa na Torvalds. Tulikuwa na mzee wa Makina, aliyetoka nje, akapiga simu moja, akazungumza kwa upole kwa muda mrefu akitaja majina ya wazazi wa yule kijana, na baada ya saa moja kijana akaingia na simu yake mkononi, akaketi, akasema, “Samahani, wazee.” Hakuna programu ya kufanya hivyo.

Yaliyoamuliwa siku ile hayakuwa ya ajabu. Ukusanyaji ubaki kwenye simu, ukaguzi wa mwisho ufanyike kwenye kipakatalishi, na kila Jumamosi mtu mmoja wa Kawangware aketi na wakaguzi wa Kibera ili ajifunze na pia aone makosa yanatoka wapi. Nauli yake ilipwe na kikundi. (Umbali si mkubwa, unatoka Kibera, unapita Adams na Dagoretti Corner, unaingia Naivasha Road, lakini mara nne kwa mwezi nauli ni pesa.) Nywila wawe nayo watu watatu, mmoja Kibera, mmoja Kawangware, na mzee wa Makina kwenye daftari lake. Apu ya tatu iliahirishwa. Mwenyekiti hakuipenda hiyo, uso ulionyesha.

Lililowachukua muda ni namna ya kuamua. Waliandika kwamba pendekezo lolote la kubadilisha zana litangazwe kwa Kiswahili na likae siku tatu kabla ya kuamuliwa. Hakuna uamuzi baada ya saa tatu usiku. Kila mtu aseme moja kati ya matatu: naafiki, naridhia, napinga. Anayepinga atoe sababu na aseme ni nini kingemfanya aridhie. Asiyejibu aandikwe hajajibu, naye apigiwe simu. Kumbukumbu ziandikwe. Hapo kijana mmoja alicheka akasema ni kama insha ya kidato cha pili: waliohudhuria, waliotuma udhuru, waliokosa bila udhuru, yatokanayo na kumbukumbu zilizopita. Ni kweli. Tumewafundisha watoto wa nchi nzima kuandika kumbukumbu za mikutano ya kubuni ya Chama cha Kiswahili, kisha tunashangaa wakiona ni kitu cha mtihani tu.

Nisiwafiche wasomaji kwamba si wote waliobaki. Vijana wawili wa upande wa vipakatalishi waliondoka mwezi uliofuata, wakisema utaratibu huu ni wa wazee na teknolojia haingojei siku tatu. Wana hoja. Tingatinga pia halingojei, na kwa sababu yao kanuni iliongezwa kwamba mambo ya dharura, kama zahanati kubomolewa, yarekebishwe papo hapo na yaelezwe baadaye. Suala la posho, nani alipwe na nani ajitolee bure, lilizungukwa kama shimo barabarani, na nadhani bado linazungukwa.

Hatimaye, saa kumi, hojaji yangu. Nilikuwa nimetafsiri mahali pa kuchota maji kuwa ‘kituo cha maji’. Vijana wakatikisa vichwa. Ukimwuliza mama wa Gatwekera kituo cha maji kiko wapi, walisema, atakuelekeza ofisi ya kulipia bili, au atakuuliza kama wewe ni askari. Watu husema kioski. Nikapinga: kioski ni pa kuuzia sigara na mkate. Wakaniomba sababu. Nikatoa. Wakanijibu kwamba maji pia yanauzwa kwa debe, kwa hivyo ni biashara kama mkate. Wakaniuliza ni nini kingenifanya niridhie. Nikafikiri kidogo, nikasema angalau waandike ‘kioski cha maji’ wala si ‘kioski ya maji’. Katibu wa muda akaandika: Prof ameridhia kwa sharti la ngeli.

Niliwatembelea tena mwishoni mwa mwaka, safari hii Kawangware, katika chumba juu ya duka la vipuri karibu na kituo cha 46. Msichana wa mlangoni ndiye aliyekuwa katibu. Pendekezo lilikuwa la kuhamia toleo jipya la hojaji ya simu, na lilikuwa limekaa siku tatu kama kawaida. Alisoma matokeo kutoka daftarini: kumi na mmoja wameafiki, wanne wameridhia, mmoja hajajibu lakini amepigiwa na yuko mazishini Vihiga, mmoja anapinga.

“Sababu?” mwenyekiti akauliza.

“Anasema simu yake imejaa, toleo jipya halitaingia.”

“Na nini kingemfanya aridhie?”

Mpinzani mwenyewe alikuwa ameketi dirishani, koti la boda boda bado mwilini. Alitoa simu, akaanza kufuta picha za harusi ya kakake moja baada ya nyingine, na sisi sote tukamngoja.